Shajara ya mradi: kumweleza tenofora wa maji ya kina nje ya Mombasa

12 Novemba 2024: Maandalizi

Shajara hii naiandika kwa ajili ya yeyote wa pwani yetu, awe mwanafunzi, mwalimu au mvuvi mwenye udadisi, atakayetaka kufanya kazi kama hii bila kuwa na meli ya utafiti. Lengo letu ni moja: kumpata akiwa hai, kumpiga picha, kumpima na hatimaye kumweleza kisayansi tenofora mdogo mwenye utumbo mwekundu, ambaye mabaki yake tuliyaona mara mbili mwaka huu ndani ya wavu wa planktoni, yaani viumbe wanaochukuliwa na maji, na ambaye hatukumkuta katika maelezo yoyote tuliyoyasoma. Katika daftari tumempa namba MSA-03, na kila mnyama tutakayemnasa akiwa hai tutampa herufi yake: A, B na kuendelea.

Wavuvi wetu humhesabu tenofora kuwa yavuyavu, na kwa macho wana haki, kwa kuwa wote ni wanyama wa ute wanaopitisha nuru. Hata hivyo tenofora si jamaa wa yavuyavu. Hana sindano za sumu, hunasa windo kwa seli zenye gundi, na huogelea kwa safu nane za vitana vidogo vinavyopiga maji kwa zamu, kimoja baada ya kingine. Spishi zilizokwisha kuelezwa duniani ni karibu 200 tu. Uchache huo hautokani na uchache wa wanyama wenyewe, bali na namna tulivyowatafuta: zaidi ya asilimia 95 ya mwili wao ni maji, na wavu uliotengenezwa kwa ajili ya krasteshia (jamii ya kamba na kaa) huwasaga kabla hawajafika juu. Bathocyroe fosteri, mmoja wa tenofora wanaopatikana kwa wingi kwenye maji ya kina, hakuelezwa hadi mwaka 1978, baada ya rubani wa nyambizi ndogo ya Alvin kuwakusanya akiwa huko huko chini, na jina lake ndilo walilopewa.

Bahari yetu nayo imepitiwa na wakubwa. Mwaka 1899 meli ya Kijerumani ya Valdivia, chini ya mtaalamu wa wanyama Carl Chun, ilipita pwani ya Afrika Mashariki ikivua kwenye kina. Katika miaka ya 1960 ukaja Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, ambao meli zake zilitumia wavu wa namna moja, zikauvuta wimawima kutoka mita 200 na kuhifadhi mavuno katika formalini. Sampuli hizo zimetufundisha mengi kuhusu krasteshia wa Bahari ya Hindi, lakini kwa tenofora ni chupa za kimya.

Tuko watatu: mimi, mwanafunzi wangu mmoja, na nahodha mwenye mashua ya faiba yenye injini mbili, ambaye amevua jodari nje ya Mtwapa tangu ujana wake. Kibali cha utafiti tunacho. Hadubini na kamera tulikuwa nazo. Gharama za kuanzia: pete na kitambaa cha wavu wenye mdomo wa mita 1 na matundu ya nusu milimita, shilingi 31,500, kamba ya mita 500, shilingi 14,000, roda na chubwi ya kilo 12, shilingi 4,200. Mashua pamoja na mafuta ni shilingi 28,000 kwa usiku.

Tumechagua usiku wa giza, yaani siku ambazo mwezi haupo, kwa sababu planktoni wengi wa maji ya kina hupanda kila jioni kufuata chakula na kushuka kabla ya alfajiri, na mbalamwezi huwazuia wasipande sana. Tumechagua kaskazi kwa sababu wakati wa kusi mashua ndogo haina kazi nje ya mwamba usiku.

1 Desemba 2024: Usiku wa kwanza

Tulitoka mlango wa Mtwapa jioni ya tarehe 30. Rafu ya bara mbele ya Mombasa ni nyembamba, kwa hiyo hapakuwa na safari ndefu: baada ya saa moja na nusu kipima kina kilisoma zaidi ya mita 500. Tulishusha wavu kwa kamba ya mita 400 na kuuvuta mara tatu, kila mara kwa dakika sita hivi, watu watatu wakipokezana.

Tulipata uji. Kikombe cha mwisho cha wavu, chenye madirisha ya kitambaa ya kuchujia maji, kilikuwa kimejaa kamba wadogo wenye miiba, samaki wawili weusi wenye meno na donge la ute la ukubwa wa ngumi. Nilipoliweka donge hilo kwenye bakuli la maji ya bahari na kulimulika kwa pembeni, niliona vipande vya safu za vitana vimetawanyika kama nyuzi zilizokatika, na vitana bado vilikuwa vinapiga, kila kipande kikijisukuma peke yake kuelekea ukingo wa bakuli. Niliviangalia kwa karibu dakika ishirini. Hapakuwa na mwili wa kupima.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yangu. Kwanza, mwendo: mita 400 kwa dakika sita ni zaidi ya mita moja kwa sekunde, na kwa mnyama wa ute hilo ni sawa na kupigwa na ukuta. Pili, kikombe chenye madirisha huyaacha maji yapite na kuwabana wanyama wote kwenye kitambaa.

4 Desemba 2024: Kosa la tatu, lililojificha

Katika kupitia picha za usiku ule, mwanafunzi wangu aliona kwamba kamba haikuwa imesimama. Ililala kwa pembe ya digrii 45 hivi kutoka wima, kwa sababu nilikuwa nimemwomba nahodha aishike mashua mahali pamoja kwa injini. Kamba ya mita 400 iliyolala hivyo hufika kiasi cha mita 280 tu. Katika daftari nilikuwa nimeandika 400 kwa kalamu ya wino. Nimekata, nimeandika sababu pembeni, na tangu leo kila mvuto utaandikwa urefu wa kamba na pembe yake, kwa kipimapembe cha shule kilichofungwa uzi wenye risasi.

Nilipomweleza nahodha, alisema kwa upole, "Mwalimu, ungeniuliza. Chombo ukikiachia kiende na maji, kamba itasimama." Wavuvi wa mshipi wa kina hufanya hivyo kila siku. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini na unauchukua wavu na mashua pamoja. Kinacholaza kamba ni upepo na injini. Ameshauri tuzime injini na tutupe gunia lililo wazi mdomo upande wa omo ili upepo usitusukume.

9 Desemba 2024: Jaribio la formalini

Kabla ya kuhatarisha mnyama wa kina, tulifanya jaribio kwa tenofora wa maji ya juu, tuliowachota gatini kwa upawa wa nazi. Upawa ni chombo bora kuliko vyote tulivyonavyo: humwinua mnyama pamoja na maji yake bila kumgusa, na ukingo wake laini haumkati. Pipeti, hata pana, humfinya. Wavu wa mkono humharibu. Na akitolewa hewani hata mara moja, viputo humwingia mdomoni na hawezi tena kuzama.

Katika formalini ya asilimia 4, tenofora wa jenasi ya Beroe, ambao wana umbo la mfuko na hawana mikono, waliganda na kuwa weupe lakini wakabaki na umbo. Wale wenye mabawa mawili mapana walitoweka. Baada ya nusu saa chupa ilikuwa na ukungu, na kesho yake chini palikuwa na vumbi. Katika ethanoli ya asilimia 96 aina zote mbili zilisinyaa zikawa kama punje ya mchele uliokauka. Kwa jeni ni sawa, kwa umbo hakuna kitu. Iodini ya Lugol iliweka umbo la baadhi yao, ingawa kwa rangi ya chai kavu.

Kwa hiyo utaratibu umegeuka. Mnyama huyu ataelezwa akiwa hai, usiku ule ule, na kilichomo chupani kitakuwa ushahidi wa maelezo, si chanzo chake. Kila kipimo tunachohitaji lazima kipatikane kwenye picha.

31 Desemba 2024: Mtungi, na barafu

Tulikata kitako cha mtungi wa maji ya kunywa wa lita 20, tukaufunga kichwa chini kwenye mkia wa wavu. Hauna tundu hata moja, kwa hiyo wanyama huingia kwenye maji yaliyotulia na kukaa humo. Tulivuta kwa mwendo wa mita 12 kwa dakika. Injini ilizimwa, gunia likatupwa, na kamba ikasimama karibu wima, kama nahodha alivyosema.

Mvuto wa pili, kutoka mita 300, ulileta tenofora watatu wenye utumbo mwekundu, wote wakiogelea. Nimeifanya kazi ya planktoni kwa miaka mingi, na sikuwahi kuwaona wakiwa hivyo.

Tatizo lilikuwa joto. Katika kaskazi maji ya juu hufika nyuzijoto 28 au 29, na kwenye mita 300 ni karibu 12. Mvuto wa dakika 25 huwapitisha wanyama kwenye maji ya moto kama chai iliyopoa, na sponji ya godoro niliyozungushia mtungi ilikunywa maji na haikusaidia. Nilipoona vitana vyao vinapunguza kasi, nilitia vipande vya barafu moja kwa moja kwenye ndoo. Barafu ilikuwa ya maji ya bomba. Mwili wa tenofora una chumvi sawa na bahari na hauna namna ya kujikinga maji matamu yakiingia. Katika robo saa wawili walikuwa wamevimba, wakawa weupe kama jicho lenye mtoto, na kingo zao zikaanza kulegea. Wa tatu nilimhamisha, nikapata picha moja nzuri na kipimo kimoja, milimita 11, kabla hajakoma. Huyu ndiye mnyama A. Kipande chake kimo kwenye ethanoli.

Suluhisho lake ni rahisi kiasi cha kuniumiza: kugandisha maji ya bahari kwenye chupa za soda na kuziweka chupa zenyewe ndani ya ndoo, bila kuzifungua. Sponji ya godoro tumeibadilisha kwa mkeka mzito wa mazoezi, ambao haunywi maji. Mtungi, mkeka na kamba za kufungia: shilingi 2,300.

Liko jambo jingine ambalo barafu haitaliponya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science umeonyesha kwamba tenofora wa kina kikubwa wana mafuta ya pekee katika utando wa seli zao, ambayo hushika umbo lake sahihi chini ya shinikizo la bahari. Wakiletwa juu, utando huo hupoteza mpangilio na mnyama huyeyuka hata akiwa kwenye maji baridi. Wetu wanaishi juu zaidi ya hao na wanavumilia kwa saa chache. Anayetaka wa mita 2,000 asitumie wavu hata kidogo. Atahitaji kamera ya chini.

18 Januari 2025: Tangi la picha

Fundi wa vioo alitutengenezea tangi jembamba, sentimita 10 kwa 10 kwa 20, kwa shilingi 1,800. Tulilijaribu siku ya pili yake kwa tenofora wa gatini, na wote wanne walikufa kwa saa moja. Maji yalinuka siki. Silikoni ya fundi hutoa asidi ya siki hadi ikauke kabisa, na kwenye kiungo kinene hukauka polepole. Tangi la pili, shilingi 1,800 nyingine, limekaa siku kumi kwenye maji yanayobadilishwa kila asubuhi, na halina harufu. Ukuta wa nyuma tumeubandika kitambaa cheusi, taa mbili tumezielekeza kutoka pembeni, na ndani tumeweka kipande cha rula ili kila picha iwe na kipimo chake.

30 Januari 2025: Mnyama B

Huyu alifika salama. Milimita 9, umbo la yai, mikono miwili mirefu yenye matawi, utumbo wenye wekundu hafifu. Alikaa kwenye tangi saa mbili na nusu. Kando ya mifereji iliyo chini ya safu za vitana niliona mayai, yakionekana wazi kama ushanga. Nilikuwa nimeogopa jambo moja tu, kwamba tunawatazama watoto wa spishi nyingine, kwa kuwa tenofora wenye mabawa hupita utotoni wakiwa na umbo hili hili la yai lenye mikono miwili. Nilipoyaona mayai niliamini hofu imekwisha, maana mwenye mayai ni mzima. Katika daftari niliandika "mpya" na kupiga mstari chini yake.

14 Februari 2025: Jeni hazikutoka

Tulipeleka vipande vya A na B kwenye maabara moja ya kulipia. Jeni ya COI, inayotumika kutambulisha wanyama wengi, haikutoka hata kwa jaribio moja kati ya sita. Jeni ya 18S ilitoka vizuri, A na B wakafanana karibu kabisa, na nikafurahi. Gharama: shilingi 21,000.

Siku tatu baadaye, nikisoma zaidi, nilijua kwamba vyote viwili vilikuwa vya kutarajiwa. Jeni za mitokondria za tenofora, COI ikiwa mojawapo, zimebadilika kwa kasi mno, hata praima za kawaida za COI (vipande vifupi vinavyoshika jeni ili inakiliwe) hazipati pa kushika, ndiyo maana watafiti wa Marekani wamechapisha praima mahususi za tenofora. Kwa upande wa 18S, katika kundi hili hubadilika polepole kiasi kwamba hata spishi zilizo mbali huonekana kama ndugu. Kufanana kwa A na B hakukuthibitisha chochote. Anayenakili kazi hii aagize praima mahususi tangu mwanzo.

28 Februari 2025: Usiku wa C na D

Hii ilikuwa nafasi yetu ya mwisho msimu huu, kwa kuwa Ramadhani inaingia na mabaharia hawatoki usiku. Kwa mara ya kwanza tulitumia wavu wa kufunga. Wavu ulio wazi hukusanya tangu unapoanza kuvutwa hadi juu, kwa hiyo kwa A na B siwezi kusema waliishi mita 300 au mita 30. Naweza tu kusema kwamba waliingia mahali fulani kati ya hapo. Fundi wa chuma alitutengenezea kifyatuzi na uzito wa shaba wa kilo moja unaoteremka kwenye kamba, kwa shilingi 6,500. Uzito ukigonga kifyatuzi, kamba ya shingo hubana na wavu hufungwa. Mara mbili za kwanza uzito ulinasa njiani kwenye nyuzi zilizochoka za kamba. Tuligeuza kamba, upande mpya ukawa chini, na mara ya tatu nahodha, akiwa ameishika kamba kwa vidole viwili, alisema, "Umefika." Mimi sikuhisi kitu.

Wavu ulifungwa kwenye mita 220 baada ya kuvutwa kutoka 320. Mtungini mlikuwa na wanyama wawili, C wa milimita 14 na D wa milimita 16, na wote walikuwa wazima kabisa.

Niandike nilichokiona, kwa sababu picha hazitoshi. C alitulia wima katikati ya tangi, mdomo juu, mikono imeachiwa hadi mara sita ya urefu wa mwili, na matawi ya mikono yakining'inia yote upande mmoja kama nyuzi za pazia. Safu za vitana zinaanzia karibu na ncha ya chini, penye kiungo cha mizani, na kukoma katikati ya mwili. Nne ni fupi kuliko nne nyingine. Koo ni jekundu la damu ya mzee, jeusi kabisa pembeni, na linachukua theluthi mbili za urefu. Wekundu huo una kazi. Nuru nyekundu haifiki kule chini, kwa hiyo chekundu ni sawa na cheusi, na windo linalong'aa likimezwa, mwanga wake hauvuji nje kumwita adui.

Katika fomu ya usiku ule mwanafunzi wangu aliandika kwamba C "anatoa mwanga wa rangi za upinde wa mvua". Tulilazimika kulirekebisha, na wengi hukosea hapa. Rangi zinazokimbia kwenye safu ni nuru ya taa zetu tu inayovunjwa na vitana. Taa zikizimwa nazo huzimika. Mwanga wake mwenyewe ni kitu kingine, na tenofora aliyekaa kwenye taa huupoteza kwa muda, kwa sababu kemikali zake za kung'aa huharibiwa na nuru. Tulimfunika D kwa shuka jeusi kwa saa nzima, tukakaa bila tochi, kisha nikaigusa chupa kwa kijiti. Mstari wa buluu ulipita kando ya safu moja, ukarudi, ukatokea upande wa pili, kisha giza. Nahodha, aliyekuwa tezini, alivuta pumzi kwa sauti. Nilirudia mara tatu tu ili nisimchoshe mnyama.

C tulimkata kipande cha jeni na kumhifadhi kwenye ethanoli. Kwa D tulifuata njia tuliyoijaribu mara nyingi kwa wale wa gatini: formalini tone kwa tone ndani ya maji baridi, tukichukua saa mbili kufikia asilimia 1, kisha siku ya pili asilimia 4. Amesinyaa kutoka milimita 16 hadi 11, lakini hajavunjika na safu zake zinahesabika.

30 Machi 2025: Kuhesabu

Hakuna safari, kila mtu anatazamia mwezi wa Idi. Tumekuwa tukihesabu vitana kwenye picha. Hesabu zangu na za mwanafunzi zilitofautiana hadi vitana sita kwa safu moja, kwa sababu kila mmoja alianza kuhesabu mahali pake karibu na ncha. Tumekubaliana kuanza kwenye kitana cha kwanza kilichojitenga wazi, na kila mmoja kuhesabu bila kuona namba za mwenzake. Sasa tofauti haizidi kitana kimoja. Rangi ya D kwenye formalini imepotea yote. Tungetegemea chupa, tungeandika "hana rangi".

17 Mei 2025: B si mwenzao

Praima mahususi zimefika na zimetumika, shilingi 34,000. A na C wanafanana karibu herufi kwa herufi. B yuko mbali nao sana, na aliye karibu naye ni tenofora mwenye mabawa aliyekwisha kuelezwa zamani. B ni mtoto.

Nilikaa na matokeo hayo siku mbili nikitafuta kosa la maabara, kwa sababu ya yale mayai. Jibu nililipata kwa Carl Chun yule yule aliyepita na Valdivia. Katika karne ya 19, kabla ya safari hiyo, alikuwa amegundua katika Bahari ya Mediterania kwamba baadhi ya tenofora wenye mabawa huzaa mara mbili: huzaa wakiwa watoto wenye umbo la yai, viungo vya uzazi husinyaa, kisha hukua, hugeuka umbo na kuzaa tena. Aliipa hali hiyo jina la disogonia. Kumbe mayai hayathibitishi utu uzima, na nilikuwa nimejenga juu yake hoja nzima. Nimelifuta neno "mpya" kwenye ukurasa wa B, na picha zake nimeziweka kwenye jalada jingine, kwa kuwa zina faida kwa atakayechunguza spishi ile.

Kwa hiyo lazima niulize swali hilo hilo kwa C na D: je, nao ni watoto? Katika milimita 16 hawana hata dalili ya mabawa, na mifereji yao ya ndani inaishia bila kuungana kwenye mdomo, tofauti na B, ambaye tukimtazama upya tunaona mifereji imekwisha kuanza kukutana. Kukosa jamaa wa karibu katika jeni zilizochapishwa kunaongeza uzito. Naamini ni wazima. Ningependa kuona mmoja mkubwa zaidi kabla ya kuapa.

8 Juni 2025: Ilipofikia kazi

Rasimu ya maelezo imeandikwa. Tulijadili sana kama tungeweza kutumia picha peke yake. Inawezekana: mwaka 2020 wanasayansi wa Marekani walieleza tenofora aitwaye Duobrachium sparksae kwa video tu, aliyerekodiwa mwaka 2015 karibu na Puerto Rico kwenye kina cha karibu mita 3,900, bila kumkamata. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inaruhusu, lakini katika hali hiyo holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, ni mnyama yule aliyeogelea akaenda zake, na atakayekuja baada yako hana cha kukagua. Sisi tunaye D, na ndiye atakayekuwa holotaipu. C na kipande cha A vitamfuata kama vielelezo vya pili. Kanuni inataka tutaje holotaipu na mahali anapohifadhiwa, na chapisho likitolewa kwa njia ya elektroniki linahitaji kusajiliwa ZooBank, daftari rasmi la majina ya wanyama. Tunataka D abaki Kenya, kwenye makusanyo ya umma ambako mwanafunzi wa hapa anaweza kuomba kumwona.

Wengi wameuliza jina. Tumelichagua, lakini silitaji. Jina likitangulia kuchapishwa bila maelezo kamili huwa jina uchi, halina nguvu kisheria, na huwasumbua wengine kwa miaka.

Gharama hadi leo: vifaa vya kuanzia shilingi 49,700, safari nne 112,000, mtungi na mkeka 2,300, matangi mawili 3,600, wavu wa kufunga 6,500, jeni 55,000. Jumla ni shilingi 229,100. Kama ningejua mapema habari ya praima na ya maji matamu, zingepungua shilingi 21,000 na tungekuwa na wanyama wawili zaidi.

Kusi imeshika na bahari imefungwa kwa mashua yetu. Giza la kwanza tunalolitazamia katika kaskazi ijayo ni la tarehe 20 Novemba. Nahodha ametuwekea usiku mbili, na amenunua kamba mpya kwa fedha zake, iliyosokotwa bila nyuzi za kunasa uzito.